Kipima upepo cha mkononi: miezi 14 nacho hapa Katonga, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika

Nilikiagiza Kariakoo kwa shilingi 85,000, kikafika Kigoma kwa basi ndani ya boksi la viatu, kimeviringishwa gazeti. Ukubwa wake ni wa zile simu za zamani za vitufe. Juu kina pangaboi dogo lenye duara kama la sarafu, chini kina kioo cha tarakimu. Unakinyanyua, upepo unalizungusha pangaboi, kioo kinakuandikia kasi yake na joto la hewa. Hakina laini wala intaneti, na hakitabiri kitu. Kinakuambia upepo uliopo hapo uliposimama, sasa hivi, basi.

Vijana wa hapa wakikiona lazima waniulize: "Kaka, elfu themanini na tano za nini, na simu inaonyesha upepo bure?" Swali ni la haki, nami nimekaa leo kulijibu.

Kazi yangu ni boti. Nawapeleka wageni Gombe, nabeba mizigo ya vijiji vya kandokando, siku nyingine nawashusha wanafunzi ufukweni. Lakini jioni na Jumapili mimi na vijana wanne tunapanda mbao za tanga. Tunazo mbili, tulizoachiwa na Mmarekani mmoja aliyefanya kazi hapa kisha akarudi kwao. Ukiwa umesimama juu ya ubao, tanga umelishika kwa mikono miwili, upepo si habari ya redioni tena, ni kitu kinachokuvuta mabega. Chini ya mita 3 kwa sekunde unaelea tu. Kati ya 4 na 5 anayejifunza anafurahi. Kuanzia 7 hivi ubao unanyanyuka, unaacha kuyapasua maji na kuanza kuteleza juu yake, na hapo ndipo utamu ulipo. Ikifika 10 nawaita wote watoke, kwa sababu msukumo haupandi sawasawa na kasi: kasi ikizidi mara mbili, msukumo kwenye tanga unazidi mara nne. Aliye ufukweni anaona povu limeongezeka. Aliyeshika tanga anahisi kama amebadilishiwa ziwa.

Kwa hiyo namba tunaihitaji. Nimetumia programu tatu za upepo kwenye simu, na sizidharau. Zote zinachota kwenye modeli kubwa za dunia, yaani hesabu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa. Ile ya Marekani, GFS, matokeo yake hutolewa kwa miraba yenye upana wa kilomita 28 hivi, na mapya hutoka mara nne kwa siku. Ile ya Ulaya, ECMWF, miraba yake ni kama kilomita 9. Sasa piga hesabu. Ziwa Tanganyika kwa wastani lina upana wa kilomita 50 tu, na nyuma yetu kuna milima. Mraba mmoja wa GFS unaweza kumeza ghuba ya Kigoma, Bangwe, Katonga, Ujiji na vilima vyake, kisha vyote vikapewa namba moja.

Kwa upepo mkubwa namba hiyo inafaa sana. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unatawala ziwa zima, ule ambao watu wa Pwani wanauita kusi, na simu inakuonyesha siku tatu kabla kwamba unakuja kwa nguvu. Sehemu kubwa ya ziwa, zaidi ya kilomita 400 za maji, iko kusini mwetu, na upepo ukishapita njia ndefu namna hiyo unasukuma mawimbi yanayofika Katonga hata kabla wenyewe haujafika. Nikiamka asubuhi hewa imetulia lakini mawimbi marefu yanapiga mwambani, najua huko kusini kumechafuka tangu jana. Kwa mambo haya naitegemea simu, na matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa siyapuuzi hata siku moja. Wao wanataja kilomita kwa saa, kwa hiyo ukisikia kilomita 40 kwa saa, gawa kwa 3.6, unapata mita 11 kwa sekunde. Hiyo si siku ya ubao, na si siku ya mtumbwi mdogo.

Tatizo ni upepo mdogo, wa kwetu. Rasi ya Bangwe inaikinga bandari dhidi ya kusini. Nimesimama gatini mwezi Julai, kidude kikasoma 2.4. Nikapanda bodaboda hadi upande wa pili wa rasi, ambako hakuna cha kuukinga upepo, hata nusu saa haijapita kikasoma 8.1. Kwenye simu sehemu zote mbili zilikuwa rangi moja.

Tena kuna suala la saa. Modeli zinahesabu kwa saa za Greenwich, na programu moja niliyokuwa nayo haikuwa imebadilishwa. Mpwa wangu akaona upepo unapanda saa 12:00, akasema mjomba, ni saa sita mchana hiyo, tuwahi. Tukakaa juani saa tatu nzima tunangoja. Ongeza 3 kwanza, ndipo uigeuze iwe saa ya Kiswahili: 12 ya Greenwich ni saa tisa alasiri yetu. Na hata ukiweka sawa saa, kumbuka Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi. Jua linafika utosini kwetu karibu saa saba mchana, si saa sita. Nchi kavu inachelewa kupata moto, kwa hiyo upepo unaotoka ziwani nao unachelewa kuamka. Mtu aliyezoea Dar es Salaam akija hapa anakata tamaa mapema.

Baada ya miezi 14 ya kupima na kuandika, siku ya kawaida ya kiangazi hapa Katonga naijua hivi. Alfajiri upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, kwa sababu usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Unasoma 2 hadi 3, na karibu na vijito unafika 4. Hadi saa nne unakufa. Kisha kuna kimya, hadi saa sita au saba, maji yamelala kama mafuta ya mawese kwenye bakuli. Halafu unaanza kugeuka kutoka ziwani: 1.5, 2.8, 4. Saa tisa hadi saa kumi na moja ndiyo saa yetu. Kusini ikiuongezea nguvu unafika 7 na 8, ukitoka kusini magharibi. Jua likikaribia milima ya Kongo, unakatika. Mpangilio huu wavuvi wanaujua tangu kale bila kidude chochote; wa dagaa huenda na upepo wa usiku na kurudi asubuhi kabla haujageuka. Nilichoongeza mimi ni namba tu. Ila namba inanisaidia kumwambia kijana wa miaka kumi na sita "leo hapana" bila kubishana.

Baba yangu mkubwa, aliyevua ziwa hili miaka mingi, hakukipenda kidude siku za mwanzo. Yeye anatazama majani ya michikichi iliyo juu ya kilima, moshi wa majiko, na mahali ndege wa majini wamekaa. Novemba iliyopita nilielewa kwa nini. Ilikuwa saa tisa, vijana wawili wako majini, simu inaonyesha mita 3 na rangi ya kijani hadi usiku. Yeye anashona wavu chini ya mwembe. Wingu zito lilikuwa limesimama nyuma yetu, juu ya vilima, chini yake jeusi na tambarare. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, watoe watoto."

Nikainua kipima upepo. Kilisoma 3.2 kutoka ziwani, joto 28. Dakika mbili baadaye 1.1. Kisha pangaboi likasimama kabisa, sufuri. Nikaanza kupiga filimbi. Kijana mmoja alikuwa karibu, akaruka akavuta ubao. Wa pili alikuwa mbali, tanga limelala majini kwa kukosa upepo. Nikasikia majani ya michikichi ya juu yanapiga kelele kabla sijahisi chochote usoni. Halafu hewa baridi ikatuangukia mgongoni: 6, 9.4, 12.7, na joto likashuka hadi 22. Mvua ilikuwa bado haijafika. Ule ni upepo unaomwagwa na wingu lenyewe: mvua inaipoza hewa, hewa inakuwa nzito, inaporomoka hadi chini na kutapakaa mbele ya mvua. Na kwa kuwa wingu lilikuwa nchi kavu, upepo ulielekea Kongo. Nilimfuata kwa boti, nikamkuta kama mita 600 nje, ameulalia ubao, jaketi okozi limefungwa vizuri, midomo inatetemeka. Tanga alikuwa amelikunja kama tulivyomfundisha.

Tangu siku ile nina kanuni moja ya miezi ya mvua: upepo wa ziwani ukifa ghafla mchana na kuna wingu la namna ile upande wa milimani, tunatoka majini. Hatungoji sufuri. Baba mkubwa naye siku hizi ananiuliza, "Kidude kinasemaje?" kisha anatazama michikichi.

Niseme pia kuhusu Ilagala, karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, kwa sababu wageni wanaopenda michezo ya upepo mtoni wananiuliza. Yule rafiki aliyetuachia mbao alijifunzia kwenye mto Columbia, mji wa Hood River, Oregon. Mto ule umekata safu ya milima ya Cascade, na kiangazi hewa baridi ya baharini inavutwa kupitia korongo lake kwenda bara lenye joto. Upepo unatoka magharibi, mkondo unaelekea magharibi, vinakutana uso kwa uso. Mpandaji anasukumwa na upepo na mkondo unamrudisha, na mawimbi yanasimama wima kwa sababu ya mgongano huo. Malagarasi unapoingia ziwani una sura hiyohiyo: mkondo unakwenda magharibi, na upepo wa alasiri unatoka magharibi. Nimepima mdomoni mwa mto mwezi Agosti, 6.3 tu, lakini mawimbi yalikuwa mafupi na makali kuliko ya Katonga kwenye 8. Boti iliruka kama gari kwenye njia mbovu. Ila Columbia hakuna mamba. Malagarasi wapo, na viboko pia. Pita na boti, pima, furahi kwa macho. Ubao usiushushe pale, hata siku moja.

Sasa ubaya wa kidude chenyewe. Boksi liliandikwa hakiingizi maji. Tone moja la wimbi liliingia kioo kikapata ukungu siku nne, nikakikausha kwenye mchele. Mchanga unaingia kwenye beringi ya pangaboi, na likianza kukwaruza linasoma pungufu bila kukuambia, kwa hiyo kila wiki nalipuliza kwa pampu ya baiskeli, kutoka mbali kidogo. Kitufe cha vipimo ni chepesi mno. Siku moja kilijibadilisha mfukoni kutoka mita kwa sekunde kwenda kilomita kwa saa, nikasoma 14 nikadhani ni tufani, kumbe ni 3.9. Upepo dhaifu sana, chini ya 0.8 hivi, hakiuoni kabisa. Na hakionyeshi upepo unatoka wapi. Nimefunga uzi mwekundu wa sufi kwenye kitanzi chake, huo ndio dira yangu.

Ukikipata, kishike juu ya kichwa, mkono umenyooka, mbali na mwili wako, mbali na nyumba na mianzi. Simamia mwamba unaoingia majini. Usitazame namba moja. Tazama kwa dakika mbili, andika ya chini kabisa na ya juu kabisa. Ukiona 4 na 4.8, upepo umetulia. Ukiona 3 na 8, mwanafunzi abaki nchi kavu hata kama wastani unapendeza. Na usishangae ukikuta pungufu kidogo ya simu, kwa kuwa simu inakadiria upepo wa urefu wa mita 10 kutoka chini, wewe unapima wa mita 2.

Nakipa 8 kati ya 10. Mwenye boti ya abiria, mwenye mbao za tanga, mwalimu anayepeleka watoto ziwani, anunue, na anunue betri mbili za akiba, zile bapa za CR2032, kwa sababu inapoisha haitoi dalili mapema. Mvuvi wa dagaa aliyekulia ziwani simshauri. Hizo fedha anunue jaketi okozi kwanza.

Daftari langu limening'inia bandani, na yeyote anaruhusiwa kulisoma. Linakosa vituo vingine. Ukiwa Kibirizi au Ujiji na una kidude kama hiki, pima saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi, andika na uzi umelala upande gani. Nataka kujua upepo wa kusini unachukua dakika ngapi kati ya kwangu na kwako.