TAHADHARI: Silinda hedi za 1NZ "zilizopotiwa" zinazotumwa kwa basi Kigoma na Tabora

Ndugu wenye Probox, Succeed na IST, hasa mnaobeba abiria kati ya Kigoma na Kasulu: kuna muuzaji wa silinda hedi (vichwa vya injini) za 1NZ-FE, anazodai amezipoti, anayezunguka kwenye magrupu ya madereva. Msimlipe kabla ya kusoma haya. Akiongea na mtu wa Ujiji au Mwanga, anasema karakana yake iko Tabora. Akiongea na mtu wa Ipuli au Isevya, anasema yuko Kigoma. Kwa namna hiyo hakuna anayefika kuiona kazi. Anataka laki tatu mbele kwa simu, hedi inakuja kwa basi imeviringishwa nailoni, na salio anataka litumwe kabla mzigo haujafunguliwa. Tangazo linaahidi hospawa 40 za ziada, mafuta kidogo, na picha zinaonyesha matundu ya hewa yanayong'aa kama kioo.

Ahadi hiyo peke yake inatosha kumtia shaka. 1NZ-FE ni injini ya cc 1497, na kiwandani ilitoka na hospawa 109 hivi. Kupoti ni kuondoa vizuizi kwenye njia za hewa. Kama kamshafti ni ileile, menifoldi ileile na bomba la ekzosi lilelile, utapata hospawa chache tu, tena kwenye mizunguko ya juu. Arobaini ni zaidi ya theluthi ya nguvu yote ya injini. Msasa hauwezi kuzitoa. Na tundu likipanuliwa ovyo unapoteza nguvu ya chini. Hewa hupita polepole kwenye tundu pana, silinda haijai vizuri kati ya mizunguko 1500 na 3000, na gari lenye abiria linakata pumzi mlimani. Kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenda Kasulu ni kupanda. Dereva wa njia hiyo anahitaji nguvu ya chini kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo anayouziwa kuipoteza.

Sasa huo mng'ao. Kwenye injini hii nozeli hunyunyizia petroli ndani ya tundu la inteki (la kuingizia hewa), karibu na valvu. Ukuta uliosuguliwa hadi ukawa kioo huiacha petroli ijikusanye na kutiririka. Ukuta wenye mikwaruzo midogo ya msasa namba 60 au 80 huisaidia kusambaa na kuchanganyika na hewa. Upande wa ekzosi ndio unaofaa kung'arishwa, maana masizi hayashiki haraka. Kwa hiyo picha ya tundu la inteki linalong'aa isikuvutie, ikutie wasiwasi.

Kazi halisi iko ndani zaidi, kwenye sentimita moja na nusu hivi chini ya siti ya valvu (pete ya chuma ambayo valvu inakalia). Hapo mashine ya kiwandani huacha ukingo mahali chuma cha siti kinapokutana na aluminiamu. Ukingo huo unalainishwa, nundu inayoshika gaidi (kibomba kinachoongoza valvu) inapunguzwa ubavuni, na ile kona fupi ya sakafu, hewa inapopinda kushukia valvu, inalainishwa bila kushushwa. Ukiishusha, hewa inaachana na sakafu na tundu linakuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Tena nyuma ya kuta hizo kuna njia ya maji, na kinachotenganisha ni milimita chache za aluminiamu. Fundi makini huchonga kidogo, anapima kwa kalipa, anachonga tena, na huacha valvu chakavu kwenye siti ili kisu cha kuchongea kisiguse siti. Kwa valvu 16 hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu. Muuzaji huyu anaahidi kutuma hedi kesho yake asubuhi.

Hedi tatu zilizoingia Kigoma zilipimwa mezani. Ya kwanza iling'aa sentimita tatu tu kutoka mdomoni. Mbele ya hapo ni ukuta mkavu wa kiwandani na masizi yake, chini ya siti hakuna kilichoguswa. Ya pili ndiyo ya hatari. Sakafu ya tundu la inteki la silinda ya tatu ilikuwa imetobolewa hadi kwenye njia ya maji, ikazibwa kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, kisha ikasuguliwa na kung'arishwa juu yake. Ikiwa baridi huioni. Injini ikipata moto, presha ya maji inaisukuma gundi hadi ilegee, kipande kinavutwa silinda, na maji yanafuata. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo ikiwa inapanda, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Ya tatu ilikuwa imepinda milimita 0.20, wakati kikomo cha uso unaokaa kwenye bloku ni 0.05. Ilikuwa hedi iliyochemshwa, ikapakwa rangi ya fedha, na kofia za kamshafti zilikuwa za hedi nyingine.

Hizo kofia watu wengi hawazitazami. Kiwandani hutobolewa zikiwa zimefungwa kwenye hedi yake, ndiyo maana zina alama na mshale wa kuelekea mbele. Kofia ya hedi nyingine, hata ya injini ya aina hiyohiyo, haikai sawa: kamshafti inabana, inakwaruzika, mwisho inakwama. Hedi ikija bila kofia, au kofia zake zina rangi na uchakavu usiofanana, iache.

Kama mzigo umeshafika, usitume salio. Fungua nailoni palepale mbele ya karani wa vifurushi, ukiwa na tochi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka ya sentimita 50, sindano nene na mafuta ya taa nusu lita. Ingiza simu au tochi kila tundu, pande zote mbili, uone mng'ao unaishia wapi. Kisha kwaruza sakafu ya tundu kwa sindano: aluminiamu huacha mstari mweupe unaong'aa, gundi hutoa unga wa kijivu. Rangi kwenye uso wa gasketi ni sababu tosha ya kurudisha mzigo, kwa kuwa hakuna fundi anayepaka rangi mahali pa kuzibia. Laza rula kwa urefu, kwa upana na kwa mikingamo yote miwili; upande wa bloku fila ya 0.05 isipite, upande wa menifoldi ukomo ni 0.10. Geuza hedi vyumba vya moto viangalie juu, plagi zikiwa zimefungwa, jaza mafuta ya taa, subiri dakika kumi. Yakionekana kwenye matundu, valvu hazizibi. Ukiweza kuzitoa valvu, angalia siti: mstari wa kijivu usiokatika, upana wa milimita 1.0 hadi 1.4. Alama ya kisu ikiupita mstari huo, siti imeharibiwa.

Ufa na tundu lililozibwa kwa ustadi vinahitaji kipimo cha presha. Njia za maji zinazibwa kwa bamba na mpira, hewa ya bar 2 hivi inaingizwa, hedi inazamishwa kwenye maji ya moto na mtu anatafuta mapovu. Maji ya baridi hayatoshi, kwa sababu nyufa nyingi hufunguka chuma kikipanuka. Muuzaji anayekataa hedi yake kupimwa hivi amekujibu.

Chenga za kuchonga nazo zinaua injini polepole. Chonga kijiti, viringisha pamba, pitisha kwenye tundu la oili. Pamba ikitoka na vimetameta, hedi haikuoshwa. Vimetameta hivyo huziba kichujio cha valvu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka), taa ya injini inawaka na kodi P1349, na vinavyopita huko vinakwenda kuchimba beringi. Kuosha kwake ni maji ya moto na sabuni, brashi nyembamba kila tundu la oili, kisha hewa ya kompresa. Kufuta kwa kitambaa na petroli hakutoshi.

Huyo huyo anauza pia "seti ya kupoti nyumbani". Visu vyake vya kuchongea anaviita vya kabaidi (madini magumu kuliko chuma). Kabaidi ya kweli ni nzito karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na kwenye shingo utaona mstari mahali kichwa kilipounganishwa na mshikio. Pitisha tupa: ikikikwangua kichwa, ni chuma kilichopakwa rangi. Kwa aluminiamu unataka kisu cha meno mapana yanayoelekea upande mmoja. Vyake vina meno madogo yaliyokatizana ya kukatia chuma, yanajaa aluminiamu ndani ya dakika moja hata ukipaka mafuta ya taa. Na kisu chenye mshikio mrefu wa aina hii, ukiuwasha kwa mizunguko 20,000 kwa dakika kabla ya kuuingiza tunduni, unapinda na kupiga mkono au uso. Huu ni upande ambao watu wanaumia kweli, si hasara ya fedha tu.

Aliyekwishaifunga hedi asikimbilie safari. Angalia maji kwenye rejeta kila asubuhi kabla ya kuwasha. Maji yanayopungua bila kuvuja, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha injini ikiwa ya moto, silinda moja kukosa moto asubuhi, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: zima, usijaribu "kuisukuma hadi gereji". Pima kompresheni. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Oili ibadilishwe baada ya kilomita 500 na filta ikatwe, karatasi yake itandazwe juani uone kama inametameta.

Kwa fedha iliyokwisha kwenda: usifute ujumbe wa malipo wala mazungumzo, piga picha hedi, nailoni na risiti ya kifurushi kabla fundi hajaigusa, fungua taarifa polisi upate RB (namba ya taarifa yako), na namba aliyokupigia itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Ukipigiwa na mtu anayedai kukurudishia hela kwa kukuomba kwanza "ada ya kutolea", ni yuleyule.

Picha za tundu la silinda ya tatu la ile hedi ya pili, gundi ikiwa imekwanguliwa nusu, tutaziweka kwa yeyote atakayeziomba. Waliopokea hedi Urambo, Kaliua na Uvinza waandike namba iliyogongwa kwenye hedi na tarehe iliyofika, tuone kama ni mzigo uleule.