Fundi bunduki wa Chikongola na darubini yangu ya laki tatu na nusu

Nyota nne kwa fundi, nyota moja kwa darubini niliyoagiza Dar, na hiyo moja yenyewe ni ya ringi (pete za kuikamata juu ya bunduki) zilizokuja nayo, mtaona mbele kwa nini.

Stori iko hivi. Mjomba wangu anakaa Nanyamba, ana mikorosho yake, na ana bunduki ya .22 (ndo upana wa risasi kwa inchi) aliyoachiwa na mjomba wake (huku kwetu mali inapita kwa wajomba, sio siri), leseni ilishahamishiwa jina lake zamani na kila mwaka anahangaika nayo kituoni. Sasa macho yamechoka. Ile bunduki kwa nyuma ina kale ka tundu ka kuchungulia na kwa mbele ina kipete ndani ya kibomba, unatakiwa upange duara ndani ya duara, mzee wa miaka 68 anaona ukungu mtupu. Nyani wakija anapiga hewa, wanamkalia juu ya mti wanamuangalia. Akanambia mjomba, we mtu wa mjini, nitafutie darubini.

Nikapita kwanza polisi na kopi ya leseni kuuliza kama ruksa, nashauri na nyie muanzie huko kabla ya dukani, halafu nikaagiza kwa jamaa mmoja anayeuza mtandaoni, 3-9x40 (inakuza mara tatu mpaka tisa, kioo cha mbele milimita 40), laki tatu na nusu na nauli ya basi juu. Kiboksi kizuri, kitambaa cha kufutia, betri ya taa nyekundu, kila kitu. Tatizo ringi zake zinakamata reli pana, ile ya milimita 21, na bunduki ya mjomba haina reli yoyote, juu ya mtutu kuna matundu manne tu yamezibwa na vijiskrubu vilivyozama, viwili mbele viwili nyuma, vimejaa kutu. Kijana mmoja wa kuchomelea akaniambia lete bro, nakuwekea bapa la chuma hapo nachomelea nusu saa. Kuchomelea! Juu ya mtutu! Namshukuru Mungu siku hiyo umeme ulikatika.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mzee. Karakana yake ipo upande wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, kibanda cha mabati, mashine moja ya kukereza ya zamani sana, kibali chake cha ufundi silaha kakitundika ukutani ndani ya fremu kama picha ya harusi. Tukafika na mjomba (bunduki anaibeba mwenyewe mwenye leseni, sio mpwa), shikamoo, marahaba, akaomba leseni kwanza akasoma namba akalinganisha na ya kwenye chuma, halafu akaangalia chemba kama ipo tupu, akaangalia tena, akamwambia na mjomba aangalie. Mimi hapo tayari nilishamkubali.

Akauliza, hii bunduki ni ya wapi? Mjomba akajibu kwa kujiamini, ya Mjerumani hiyo, ilibaki vita vya Mahiwa. Kila bunduki ya zamani huku kusini ni ya Mahiwa bana, utadhani Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa anagawa kama pipi. Mzee akacheka taratibu. Akasema mzee mwenzangu, Mahiwa ilikuwa Oktoba 1917, na askari wa Mjerumani walibeba Mauser, ile ya kuvuta bolti nyuma. Hii bolti iko wapi? Kweli, hii haina bolti, ina mkono chini nyuma ya triga, ukiushusha kipande cha chuma ndani kinainama mbele unatumbukiza risasi moja kwa juu, ukiurudisha inafunga. Akasema huo mtindo unaitwa Martini, Waingereza waliupokea jeshini 1871 kwenye ile Martini-Henry, baadae wakaupunguza kwenye bunduki ndogo za .22 za kulengea shabaha.

Akachukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani akasugua ubavuni. Hapa ndo palininogea. Uchafu wa miaka ukatoka mweusi tii, pakaanza kuonekana mstari, halafu miwili, mwisho bunduki tatu zimesimama zimeegemeana kama vijiti vya kambini. Mjomba akashtuka, "we! hii si alama ya pikipiki?" Na ni kweli, BSA, hawa hawa waliotengeneza zile pikipiki wazee wetu walikuwa wanaringia, kiwanda kilianza Birmingham 1861 na bunduki kabla hata ya kuwaza pikipiki. Akasugua na mtutu karibu na chemba, ikatoka taji dogo na chini yake herufi BNP. Hapo akaweka mswaki chini kabisa. Akasema hii alama ni ya nyumba ya ukaguzi ya Birmingham, wanapiga risasi ya nguvu kuliko kawaida kupima mtutu halafu wanagonga muhuri, na BNP imekuja na kanuni za 1954, kabla ya hapo walikuwa wanagonga herufi nyingine. Kwa iyo habari ya Mahiwa imekufa, na ile stori nyingine ya shangazi kwamba iliachwa na mzungu wa mradi wa karanga Nachingwea nayo imekufa, maana mradi wenyewe uliachwa 1951.

Ila raha zaidi ilikuwa kwenye mti. Kitako sio cha kiwandani. Ni mninga, na ncha ya mbele na kifuniko cha chini ya mshiko ni mpingo, umeunganishwa mpaka ukipitisha kucha husikii kiungo. Mzee akaugeuza kwenye mwanga muda mrefu akasema Birmingham hawakuwa na mninga, huyu aliyechonga alikuwa mtu wa huku huku, na mkono wake ni wa kimakonde. Yani mwenye nayo wa kwanza alinunua chuma Uingereza akaja kuvishwa mti Lindi au Mtwara. Hajulikani ni nani aliyechonga, hakuna jina popote, nimeangalia mpaka ndani.

Sasa yale matundu manne. Akapima na vernia umbali kati ya jozi ya mbele na ya nyuma, inchi 7.2. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki. Kumbe hicho ni kipimo cha darubini ndefu za zamani za Kimarekani za kulengea shabaha, mfano Unertl au Fecker, zile ndefu karibu kama mtutu wenyewe, zinakaa juu ya vitofali viwili na marekebisho yapo nje kwenye vishikizo, sio ndani ya bomba. Vitofali vikikaa inchi 7.2 basi ukisogeza kishikizo cha nyuma nusu ya elfu moja ya inchi, risasi inahama robo inchi kwenye yadi 100. Hesabu inatoka kamili, nimeipiga mwenyewe kwenye simu. Darubini yenyewe iliyokuwepo haijulikani ilipoenda.

Nikamwambia basi mzee tutafute skrubu tufunge. Mi kwa kiherehere nilishanunua za milimita 3.5 dukani, unene ule ule. Akaingiza moja kwa vidole, ikazunguka raundi moja na nusu ikagoma, akaitoa. Akasema ningekuwa na bisibisi ningeua uzi. Zile za bunduki unene ni kweli kama 3.5 ila zina nyuzi 48 kwa inchi, hizi zangu nyuzi zinapishana milimita 0.6, zile kama 0.53, kwa macho huoni kitu. Ilibidi aagize kwa mtu wake Arusha, na hapo ndo lawama yangu ya kwanza, alisema wiki moja zikaja wiki ya tatu, na simu hapokei, unamkuta WhatsApp amesoma katulia. Sawa barabara ya Dar tunaijua ilivyo lakini nijibu basi mzee wangu.

Kutoboa matundu mapya kwenye mwili wa bunduki alikataa katakata. Mjomba alikuwa tayari, "toboa tu mzee, nyani hawasomi alama", jamaa akasema siwezi. Akakereza reli ndefu ya chuma, inafungwa kwenye yale yale matundu manne ya zamani, halafu inarefuka kuja nyuma ikiwa imeinuka hewani juu ya sehemu ya kutumbukizia risasi. Sababu mbili. Moja, darubini za siku hizi ni fupi, ukiifunga juu ya mtutu inakuwa mbali na jicho, unaona kaduara kadogo kama tundu la ufunguo, inatakiwa jicho likae kama inchi tatu nyuma ya kioo. Mbili, Martini unajaza kwa juu, ukiweka darubini chini chini kidole hakipiti. Reli ya kwanza alivyoiweka mjomba hakuweza kuingiza risasi, vidole vyake vya kubangua korosho vimenenepa, ile .22 ilianguka mara tatu kwenye vumbi anaiokota anaipuliza, fundi akaichukua reli bila neno akaenda kutengeneza nyingine ya juu zaidi kwa milimita 6. Hakuongeza hela.

Ufungaji nao niliuangalia wote. Alisafisha matundu na thina, akaweka tone la gundi ya bluu ya nyuzi, akakaza kidogo kidogo kwa kupishanisha. Kuhakikisha msalaba wa kulengea ndani ya darubini haujalala upande alitundika timazi ya waashi kwenye mwembe nje, akalinganisha na ule uzi. Timazi tu. Na zile ringi za kwenye kiboksi changu zikakaa kwenye reli vizuri kabisa.

Jumamosi tukaenda shambani na fundi, kuna tuta kubwa la udongo, mwenyekiti wa kijiji na kituo walikuwa na taarifa, mjomba ndo mpigaji. Boksi la korosho, karatasi yenye nukta, mita 25. Risasi zikaja chini sentimita 4 hivi. Darubini imeandikwa robo, maana yake robo inchi kwa yadi 100, kwa mita 25 kila kliki ya kitufe cha kurekebisha inasogeza chini ya milimita 2, kwa iyo kliki 22. Nikahesabu 22 kwa sauti. Risasi ikapanda sentimita moja. Ya pili pale pale. Ya tatu ikaruka juu ya nukta kama imekumbuka kitu. Turudishe kidogo, haikurudi. Halafu saa mbili asubuhi na umande wa huku, ndani ya kioo pakaingia mvuke, sio nje, ndani. Laki tatu na nusu hiyo.

Mzee hakusema "nilikwambia" (alikuwa ameniambia). Akafungua begi akatoa Weaver K6 ya zamani, bomba la chuma, ya El Paso Texas, haivuti wala hairudishi, inakuza mara sita tu basi. Imechubuka. Bomba ni inchi moja kama la ile yangu kwa iyo ringi zile zile zikaikamata. Akatuonyesha na kitu kingine, bunduki imetulia juu ya gunia la mchanga haiguswi, unasogeza kichwa tu kushoto kulia huku unachungulia, msalaba unatembea juu ya karatasi. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100, za .22 zinapangwa kama 50, ukitumia ya kubwa kwa karibu na kichwa hakijakaa katikati unakosa bila kosa la bunduki. Alichezea pete ya kioo cha mbele kidogo kidogo mpaka msalaba ukatulia.

Mita 50, risasi tano, nne zinafunikwa na kizibo cha soda na moja pembeni. Mjomba alikaa kimya akaiangalia karatasi, akaikunja akaweka mfukoni mwa shati, ipo mpaka leo.

Gharama: reli, skrubu na ufungaji laki na themanini, ile Weaver laki mbili. Yani darubini kuukuu iliyochubuka bei ndogo kuliko yangu mpya. Nyota ya tano nimeikata kwa zile wiki tatu na simu, na kwa sababu kale ka tundu ka kuchungulia hakawezi kurudi bila kufungua reli yote na hilo hakutuambia mapema. Ukienda beba leseni halisi, kopi anakurudisha, na Ijumaa mchana usimpigie yuko msikitini.

Ile 3-9x40 ipo kwangu Shangani, haina ringi. Jioni naangalizia meli za korosho zikitoka bandarini, asubuhi haifai, mvuke.