Uzamili wa mawasiliano na uongozi, mkondo wa jioni: yaliyonikuta dirishani

Nimekaa na hasira hii muda mrefu nikisema itapoa yenyewe. Haikupoa. Juzi hapa chuo kilekile kimenitumia ujumbe kwenye simu, "Jiendeleze ukiwa kazini", eti nimwalike na mwenzangu. Ndipo nikaona bora niandike, huyo mwenzangu asome kwanza.

Ada, sifa za kujiunga na orodha ya masomo viko kwenye tovuti yao, sitawachosha. Nilisoma shahada ya uzamili ya mawasiliano na uongozi hapa Dar es Salaam, mkondo wa jioni, chuo cha umma. Jina silitaji. Waliopita pale watakijua kwa dirisha tu.

Dirisha lenyewe ni la ofisi ya masomo ya uzamili. Lina nondo, na chini lina kitundu cha kupitishia karatasi, hivyo ukitaka kusikika inabidi uiname. Kila kitu kinapita hapo: fomu za usajili, barua ya kukusanyia data, nakala za tasnifu, mpaka cheti chenyewe siku ukikipata. Linafungwa saa tisa na nusu alasiri. Vipindi vyetu vinaanza saa kumi na moja jioni. Hebu rudia hizo saa mbili taratibu. Kozi imetangazwa kuwa ni ya walio kazini, na sisi tumeilipia kwa mishahara ya kazi hizohizo, halafu ofisi pekee inayotuhudumia inafunga kabla hata hatujafunga kompyuta zetu. Kila fomu ni ruhusa. Bosi wangu alifika mahali akaniuliza kama nasoma au nafuatilia mirathi.

Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu uzamili kwa krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za jasho la mwanafunzi, iwe darasani, maktaba au kwenye kuandika. Saa za kuinamia nondo hazina krediti. Niliuliza kwa utani, hakucheka mtu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa kupokea tasnifu. Nakala zangu nilizichukua steshenari asubuhi, zimefungwa spairo, jalada la rangi waliyoitaka, saini ya msimamizi imo. Nikaomba ruhusa, nikapanda mwendokasi pale Posta nikiwa nimesimama na mzigo wa karatasi kifuani, nikafika saa tisa na dakika chache. Saa yao ya ukutani inaonekana kutoka nje. Niliitazama kwa macho yangu, hata robo ilikuwa bado.

Dada wa dirishani alikuwa kwenye simu, anapitisha kidole tu.

"Habari za mchana, dada yangu."

Kimya. Nikasubiri kidogo, nikasalimia tena. Akainua macho, yakaishia kwenye karatasi zangu, usoni hayakufika.

"Tumeshafunga."

"Dada, si mpaka saa tisa na nusu?"

"Tasnifu mwisho saa nane. Tangazo lipo."

"Lipo wapi?"

"Chini."

Nikamweleza kwa upole kwamba natoka kazini, kwamba leo ndiyo mwisho, kwamba kupokea ni kugonga muhuri tu. Upole huo nilikuwa nimeusomea na nimeufaulu. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni: "Sasa mama, kwani nani alikutuma usome huku unafanya kazi?"

Akashusha pazia. Sikuwahi kujua kwamba lile dirisha lina pazia! La kijani, zito, la maana kabisa. Hela ya pazia ilipatikana. Na pembeni yake ukutani, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka, umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja: tutakuhudumia kwa staha, tutakusikiliza, tutajibu kwa wakati. Niliusoma wote. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Nyuma yangu walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, umri wa wanangu. Mmoja alinipokea mzigo akasema, "Pole mama, sisi tumeshamzoea." Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata lile jibu. Mtoto wa mwaka wa pili ameshazoea.

Nikashuka kulitafuta tangazo. Lipo kweli, hawakudanganya. Limebandikwa ukutani nyuma ya mlango wa mbao, na mlango huo mchana kutwa uko wazi, umezuiwa na tofali. Ili usome, usogeze tofali, uvute mlango, ujifungie nalo gizani. Muhula wa kwanza walitukaririsha maswali ya Harold Lasswell, msomi wa Kimarekani, yale ya mwaka 1948: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni yapi. Kwa njia ya nyuma ya mlango, jamani. Na kundi letu la WhatsApp lipo, na afisa wa idara yumo ndani yake. Wiki hiyohiyo alitutumia kadi ya kumpongeza mkuu wa idara kwa siku yake ya kuzaliwa, yenye maua yanayometameta. Tangazo la saa nane halikupata nafasi.

Jumatatu wakapokea. Lakini kwa faini ya kuchelewa, shilingi 50,000, na kwanza nipewe kontroli namba ya kulipia, na mfumo umelala, mama rudi kesho. Mnaweza kumalizia wenyewe.

Mtaniambia karani mmoja si chuo. Nimeambiwa hivyo na watu wawili watatu, tena mmoja ni mume wangu. Sawa. Lakini ngoja niwaeleze kwa nini siwezi kumtenganisha. Somo la uongozi tulifundishwa na mzee mmoja anayeingia darasani na kipande cha chaki na kumbukumbu zake, hana slaidi hata moja. Jioni moja alitufungulia Mwongozo wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, wa mwaka 1971, akakaa na ibara ya 15 saa nzima, ile inayompiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Akatusimulia wafanyakazi wa viwanda vya hapahapa Dar walivyoishika ibara ile wakawasomea mameneja wao waliozoea kuwatukana, mpaka mwaka 1973, pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wakawafungia wakubwa nje na kuendesha kazi wenyewe. Afande mmoja wa darasani kwetu akauliza kama ibara hiyo bado inatumika. Mzee akamwambia, "Jaribu kuisoma kwa bosi wako, uje utueleze." Tulicheka mpaka walinzi wakachungulia.

Basi siku ile dirishani, mgongo umepinda, ibara ya 15 ilinijia mdomoni yote. Karani siyo kiongozi, najua. Ila mwenye muhuri ndiye anayeongoza foleni. Na wanaomwongoza yeye ni haohao wanaotufundisha uongozi, ofisi zao ziko ghorofa ya juu yake. Wanapita mbele ya hilo dirisha kila siku wakienda kunywa chai.

Nilipoanza kuandika niliapa kwamba nitasema msiende. Nikifika kwa yule mzee naanza kulegea, na nikifika kwa somo la mawasiliano ya umma nalegea zaidi. Hapo mwalimu, mama mmoja mkali asiyependa maneno marefu, alimtaka kila mtu alete tangazo halisi kutoka kazini kwake. Nesi mkuu alileta la kliniki, padri alileta la parokia, mimi nikaleta letu la kukatika maji, ambalo ofisini linarithishwa tangu enzi za waliokuwepo kabla yangu. "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, uongozi unasikitika kuwatangazia..." Mama akalisoma mbele ya darasa, akafika hapo akauliza, "Maji yanakatika wapi?" Tukatafuta. Mtaa umetajwa mstari wa sita. "Yanarudi lini?" Hakuna. "Mwenye mgonjwa nyumbani afanye nini?" Hakuna. Akafuta yote, tukaandika upya darasa zima: mtaa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, gari la maji litasimama wapi, simu ya kupiga. Mistari minne. Tangazo hilo ndilo tunalolitumia sasa, na dada wa mapokezi kazini kwetu ananiombea dua kila maji yakikatika, maana zamani simu ilikuwa haitulii mezani kwake.

Kwa hiyo nimejifunza? Nimejifunza, tena sana. Ningesoma tena? Kwa walimu wale wawili, ndiyo, hata kesho. Tena darasa lenyewe, la watu wenye kazi zao na vidonda vyao, lina utamu ambao sikuupata kwenye shahada ya kwanza. Afande na padri wakibishana kuhusu maadili ya kutoa taarifa za msiba, mtu husahau njaa na foleni ya kurudi Mbagala. Haya, nendeni. Kama mna bosi muungwana, nendeni.

Au msiende, maana nimekumbuka barua. Niliwaandikia, kwa adabu, niulize swali moja tu: kanuni ipi inatoza faini ya 50,000 kwa tasnifu iliyoletwa siku ya mwisho, ndani ya saa za kazi? Sikudai kuombwa radhi wala kurudishiwa pesa, niliomba kanuni. Na wenyewe walitufundisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, kwamba mwenye taarifa anatakiwa amjibu aliyeomba ndani ya siku 30. Lilikuwepo hata kwenye mtihani. Siku 30 zimepita zamani. Jibu pekee nililopata lilitoka kwa yule afisa wa maua, sentensi moja: "Rejea tangazo."

Tangazo nilishalirejea, na picha nilipiga, tofali linaonekana. Atakayejiunga mwaka huu afike na nakala mbili za kila kitu, agongewe muhuri kwenye yake, na kila akipita asogeze huo mlango aangalie nyuma. Mimi nadai kanuni yangu, na sasa nadai na ile elfu hamsini.