Kifurushi cha Wanyama Wasafishaji kwa Tangi Jipya la Maji ya Chumvi: Wanyama Wazuri, Maelekezo ya Haraka Mno

Kwa mtu anayeishi Uingereza na ambaye ndiyo kwanza ameanzisha tangi la maji ya chumvi, maduka ya samaki wa mapambo huuza kwa mtandao kifurushi cha wanyama wasio na uti wa mgongo, ambao kazi yao ni kula utando wa kahawia na kijani unaotanda juu ya kioo, mawe na mchanga katika majuma ya mwanzo. Kifurushi ninachokihakiki hapa kimepangwa kwa ajili ya tangi la lita 120. Ndani yake mna konokono wa aina ya Trochus na Nassarius, kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kamba wasafishaji wawili, na kiti cha pweza mmoja wa aina inayofukua mchanga. Duka silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza haziwahusu wauzaji hao peke yao, na lengo langu ni kumsaidia mnunuzi ajue anachokipokea na wakati unaofaa kukipokea.

Nianze na lililo jema, nalo si dogo. Ufungaji ulikuwa wa watu wanaoijua kazi yao. Boksi la povu gumu lilifika asubuhi iliyofuata siku ya kutumwa, likiwa na kifuko cha kutoa joto kilichofungwa kwenye gazeti ili kisiwaguse wanyama moja kwa moja. Kila kamba alikuwa katika mfuko wake, mifuko ikiwa miwili miwili kwa kuhofia kuvuja, na ndani ya kila mfuko mlikuwa na kipande cha wavu wa plastiki ambacho kamba alikishika kwa miguu yake, asipeperushwe huku na huku njiani. Konokono na kaa walisafirishwa wakiwa wamezungukwa na karatasi yenye unyevu, si ndani ya maji mengi, jambo ambalo huenda likamshtua mgeni wa shughuli hii, lakini ndiyo njia bora kwao kwa safari ya usiku mmoja. Hakuna aliyefika amekufa.

Kwenye karatasi ya bidhaa paliandikwa pia nchi alikotoka kila mnyama, na kando ya jina la kamba wasafishaji, Lysmata amboinensis, paliandikwa Kenya. Pwani ya Kenya imekuwa ikipeleka samaki na wanyama wa mapambo Ulaya kwa miongo mingi, na kamba huyu mwenye mgongo mwekundu uliopasuliwa katikati na mstari mweupe ni mmoja wa wanaotafutwa sana. Wazamiaji humtoa miambani, akakaa kwenye matangi ya msafirishaji, akapanda ndege, akapita kwa muuzaji wa jumla, ndipo akafika dukani. Mnyama aliyepitishwa yote hayo anastahili kupokelewa kwenye maji yaliyoandaliwa kweli kweli, na hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na kipeperushi kilichoambatana na kifurushi.

Kipeperushi kinasema wanyama wanaweza kutiwa tangini mara maji yanapotakata na joto likifikia nyuzi 25 za Selsiasi. Maelekezo hayo ni ya hatari. Maji ya tangi jipya hutakata kwa siku moja au mbili tu, mara vumbi la mchanga likishatulia, ilhali sumu iliyo hatari zaidi haina rangi wala haionekani kwa macho. Kila kitu kinachooza ndani ya tangi hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Bakteria hawa huongezeka polepole, na kwa kawaida tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu huhitaji takriban majuma manne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla amonia na nitriti hazijashuka hadi sifuri na kubaki hapo. Kinachomwambia mwenye tangi kwamba muda umefika ni vipimo vya matone, vile ambavyo mtu hutia maji ya tangi kwenye kichupa, akadondosha dawa, kisha akalinganisha rangi na kadi. Kipeperushi hakivitaji vipimo hivyo hata mara moja.

Kwa haki, duka linamruhusu mnunuzi kuchagua tarehe ya kupelekewa mzigo, hata majuma kadhaa baada ya kulipa, bila gharama ya ziada. Niliitumia nafasi hiyo: niliagiza mapema ili kuipata bei ya punguzo, nikaacha tarehe wazi, na nikaitaja tu baada ya vipimo kuonyesha sifuri mara kadhaa mfululizo, hata baada ya kutia chakula kidogo tangini ili kuwajaribu bakteria. Huduma hii ni nzuri sana, na inasikitisha kwamba imefichwa kwenye ukurasa wa malipo badala ya kuandikwa kwa herufi kubwa mahali pa kwanza.

Jambo la pili ni kuwazoesha wanyama maji mapya. Kipeperushi kinaagiza mfuko uachwe uelee juu ya maji kwa robo saa ili joto lilingane, kisha mnyama atiwe ndani. Kwa samaki wengi huenda hilo likapita. Kwa wanyama hawa halitoshi, kwa sababu wengi wao hawana uwezo wa kudhibiti chumvi ya mwili kama samaki. Maji yaliyo nje yakibadilika ghafla, na ya ndani ya miili yao hubadilika. Maji ya bahari ya kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, yaani uzito linganishi (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu) wa karibu 1.026, na tangi langu nililiweka hapo. Maji yaliyokuja na kamba niliyapima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, yakasoma 1.021. Maduka mengi hupunguza chumvi kwa makusudi, kwa kuwa huokoa gharama na huwadhoofisha baadhi ya vimelea vya samaki, lakini tofauti ya namna hiyo inatosha kumuua kiti cha pweza, si papo hapo, bali siku kadhaa baadaye, wakati mwenye tangi ameshasahau sababu.

Njia ya salama ni kumweka mnyama pamoja na maji yake ndani ya chombo safi, kisha kuyaleta maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, hadi maji ya chombo yaongezeke mara tatu au nne. Kamba hutosheka kwa saa moja hivi. Kiti cha pweza apewe muda mrefu zaidi. Hata hivyo usirefushe kupita kiasi. Mfuko unapofunguliwa, hewa ya kaboni iliyokusanyika njiani hutoka, maji yanapoteza ukali wake wa asidi, na amonia iliyomo hugeuka kuwa kali zaidi. Ndiyo maana ni afadhali kuanza mara moja baada ya kufungua, kuchunga joto, na mwishowe kumhamisha mnyama peke yake bila kuyamwaga maji ya mfuko tangini. Mistari minne kwenye kipeperushi ingetosha kuyaeleza haya.

Miongoni mwa wanyama wenyewe, Trochus ndio waliostahili bei yote. Ukikaribia kioo asubuhi unaona njia zao: vijistari vifupi vilivyopishana, kila kimoja ni mahali ambapo ulimi wenye meno madogo umekwangua utando wa kahawia na kuacha kioo kitupu. Wana sifa moja ambayo baadhi ya konokono wa madukani hawana, nayo ni kwamba wakianguka chali wanaweza kujigeuza wenyewe, wala hawafi mchangani kwa kukosa msaada. Nassarius hula mabaki ya chakula na mizoga, si utando. Hujizika mchangani wakaacha mrija mdogo tu nje, na chakula kikitiwa majini huibuka wote kwa pamoja. Ni wazuri, lakini katika tangi ambalo bado halina samaki wa kuacha mabaki, hawana cha kula isipokuwa walishwe.

Kaa wa makombe ni wachapakazi, ila kifurushi hakina hata kombe moja tupu la akiba. Kaa huyu anapokua huhitaji kombe kubwa zaidi, na asipolipata huweza kumuua konokono aliye hai ili alichukue la kwake. Kumuuzia mtu kaa na konokono kwa pamoja bila makombe ya ziada ni kumuuzia ugomvi. Nilinunua makombe matupu ya ukubwa mbalimbali kando, na kwa kuwa gharama yake ni ndogo sana, sioni sababu ya duka kutoyajumuisha.

Kamba wasafishaji walitulia upesi, wakachagua pango moja chini ya jiwe. Mnunuzi ajue kwamba muda si mrefu baada ya kufika, kamba hujivua gamba, na gamba lile hulala mchangani likiwa kamili, na mapembe yake marefu na alama za miguu yote, hivi kwamba mtu huamini mnyama amekufa. Ukilitazama kwa karibu utaona ni jembamba kama karatasi ya kufungia peremende, tupu ndani, na limepasuka nyuma ya kichwa. Kamba mwenyewe huwa amejificha kwa siku moja au mbili hadi mwili wake ukaze, na wakati huo asisumbuliwe wala mawe yasihamishwe. Pamoja na kifurushi duka linapendekeza chupa ya aidini ya kusaidia kujivua gamba. Siipendekezi. Chumvi nzuri ya kutengenezea maji ya bahari ina aidini tayari, na anayebadilisha sehemu ya maji mara kwa mara hana haja ya kuiongeza. Ikizidi, ni sumu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kiti cha pweza. Aina hii, Astropecten, haili utando wala uchafu wa mchanga kama tangazo linavyodai. Hula wanyama wadogo walio hai ndani ya mchanga: minyoo, konokono wachanga, chaza wadogo. Mchanga wa tangi jipya hauna viumbe hivyo, na hata tangi la zamani la lita 120 huishiwa navyo haraka. Mnyama huyu hufa kwa njaa polepole, kwa miezi, huku ncha za mikono yake zikianza kulika, na mwenye tangi hudhani ni ugonjwa. Niliomba aondolewe kwenye mzigo nikajibiwa kwamba kifurushi hakibadilishwi. Alipofika nilimzoesha maji na kumpeleka kwa rafiki mwenye tangi kubwa la miaka mingi lenye mchanga wa kina kirefu. Si kila mnunuzi ana rafiki wa namna hiyo.

Uingereza ilipitisha mwaka 2022 sheria inayotambua kwamba wanyama wana hisia, na kufuatia ripoti ya wataalamu wa London School of Economics ya mwaka uliotangulia, kaa, kamba na jamaa zao, pamoja na pweza na ngisi, waliingizwa ndani yake. Viti vya pweza na konokono wa namna hii hawakuingizwa. Kwa maoni yangu muuzaji hapaswi kusubiri sheria imwambie asiuze mnyama atakayekufa njaa.

Kuna neno ambalo kipeperushi hakikulitaja kabisa, nalo ni shaba. Dawa za samaki zenye shaba, zinazotumika kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki wa maji ya chumvi, huwaua wanyama hawa hata kwa kiasi kidogo mno, na shaba hiyo hunasa kwenye mawe na mchanga ikaendelea kutoka muda mrefu baada ya matibabu. Anayenunua tangi lililotumika aulize kwanza kama liliwahi kutiwa dawa hiyo, na samaki mgonjwa atibiwe katika tangi la pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo, pamoja na klorini, maji ya bomba yasitumike moja kwa moja kuchanganyia chumvi. Maji yaliyochujwa hadi kuondolewa madini ndiyo yanayofaa, na ndiyo yatumike pia kufidia yanayokauka, maana maji hukauka lakini chumvi hubaki.

Mwisho ni idadi. Duka limehesabu wanyama kwa lita, wala halikuzingatia chakula kilichopo. Utando wa kahawia wa mwanzo hupungua wenyewe baada ya majuma machache, silika (madini ambayo utando huo huyahitaji ili ukue) iliyomo majini ikiisha, na hapo konokono wengi waliotiwa kwa pamoja hubaki na njaa. Nusu ya idadi hii ingetosha, na nusu nyingine ingeweza kufuata miezi miwili au mitatu baadaye, utando wa kijani ukianza kushika.

Kwa ufungaji, afya ya wanyama na uhuru wa kuchagua tarehe, duka hili nalipa alama nne kati ya tano. Kwa mpangilio wa kifurushi na kipeperushi chake nalipa mbili. Anayetaka kununua hapo achukue Trochus na kamba wasafishaji mmoja mmoja kutoka orodha ya kawaida, ambako kwa tangi la ukubwa huu gharama haipishani sana na ya kifurushi, aongeze makombe matupu endapo atachukua kaa, na kiti cha pweza amwache dukani.