Nimenunua carreta ya kuchorwa kwa mkono Sarchí, Costa Rica: uzoefu wangu

Wadau, kama unaenda Costa Rica na unataka kurudi na kitu ambacho sio fulana wala sumaku ya friji, pita Sarchí. Kamji kadogo mkoa wa Alajuela, sio mbali na San José, na ndo wanakotengeneza carretas, yaani mikokoteni ya mbao ya kukokotwa na maksai, imechorwa rangi kuanzia magurudumu mpaka nira. Mi nimechukua ndogo ya sebuleni, ile inafunguka juu unapanga chupa na glasi, nimeshakaa nayo vya kutosha kuiongelea.

Nianze na gurudumu maana kila mtu anakimbilia maua. Gurudumu la carreta halina spoku, ni duara zima la mbao, vipande 16 vimechongwa kama kabari vikakutana katikati, nje linakazwa na mkanda wa chuma. Na hilo duara zima sio urembo. Karne ya 19 hii mikokoteni ndo ilikuwa inashusha kahawa kutoka bonde la kati, inavuka milima hadi bandari ya Puntarenas upande wa Pasifiki, siku 10 hadi 15 njiani, na njia yenyewe tope tupu, sasa gurudumu la spoku likiingia humo tope linajaa kwenye uwazi mnanasa hapohapo, hili linakata linapita. Mi mtu wa Moshi, kahawa nimezaliwa nimeikuta, ila kwetu gunia ni kichwani mpaka chama cha ushirika basi, kwahiyo habari ya siku 15 na ng'ombe milimani ilinishika kweli.

Rangi zilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na enzi hizo kila eneo lilikuwa na mchoro wake, ukitazama magurudumu tu unajua mwenye mkokoteni katokea wapi. Pale karakana nilimkuta dada anachora, rangi ya chungwa ya chini ishakauka, kashika kabrashi kembamba anavuta mstari kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni bila kusita, hana rula hana stensili, anazungusha gurudumu kidogo anavuta mwingine, mara nyota hiyo imetokea na bado anapiga stori na mwenzake! Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaenda kula bila mimi.

Yangu ukiisogelea utaona ncha moja ya nyota ni nene kuliko zingine, na pale brashi ilipoinuliwa rangi imeacha kamgongo, ukipitisha kidole unakasikia. Hicho ndo nimelipia hela yangu. Nasema hivi sababu kwenye duka moja la zawadi (silitaji) niliona za bei chee zinaitwa za mkono hizohizo, maua yanafanana mpaka doa, unapitisha kidole laini kama kioo. Stika hiyo. Kwahiyo tumia kidole kabla hujatoa pochi.

Karakana za kutembelea: ya Eloy Alfaro ni ya zamani na mashine zake zinaendeshwa na gurudumu la maji, mikanda inazunguka huko juu ya kichwa chako, hata kama hununui kitu pita tu uone. Ya Joaquín Chaverri ipo toka 1903, imekaa kibiashara zaidi. Pale mjini kuna carreta moja kubwa sana imewekwa kwa ajili ya picha, piga yako uendelee na safari. Carreta wenyewe wameifanya alama ya taifa toka 1988, na UNESCO walishaitangaza 2005 pamoja na kazi ya waswaga maksai wake, ikaingia kwenye orodha yao rasmi 2008.

Kilichoniuma sasa. Carreta halisi ina sauti yake, kuna ringi ya chuma inagonga kwenye kitovu cha gurudumu kila mkokoteni ukirukaruka njiani, na kila mkokoteni unalia kivyake, wao wanaita wimbo. Yangu haina, bubu kabisa, ndogo nyingi za mapambo ziko hivyo na muuzaji haji kukwambia. Kama unataka kuzisikia panga safari Jumapili ya pili ya Machi, kuna siku ya waswaga maksai San Antonio de Escazú, maksai barabarani na carretas kubwa zenyewe.

Usafirishaji hapana kwa kweli. Kampuni iliyoniletea mpaka Houston, Marekani, ilifunga kwa nailoni mbili tatu na gazeti, boksi likafika limebonyea, ule mti wa kufungia nira umeachia kwenye kiungio. Rangi haikuchunika hata kidogo, hapo heshima kwa mchoraji. Nikapaka gundi ya mbao nikabana usiku mmoja, umeshika.

Bei sio ya mchezo ila kwa kazi ile mi silalamiki, nampa fundi 5 kati ya 5, msafirishaji 2. Ukinunua ulizia kama magurudumu yanatoka. Yangu yanatoka kwa pini tu, ningeyafunga peke yake kwenye begi la nguo nikapanda nayo ndege, bodi ndo ningewaachia wao waitume.