Stata mpya, kebo feki: kebo gani ya betri ununue ukibadilisha stata

Jamani hii Corolla KE70 ya marehemu baba imenitesa mpaka nikataka kulia. Nilitoa stata ya zamani ile nzito, nikafunga Denso ya mtumba ya ridaksheni, yaani yenye gia ndani, ndogo, nyepesi na ina nguvu kuliko ya mwanzo, nikanunua na kebo mpya nyekundu hapahapa Mwanga, Kigoma mjini, nene kama kidole gumba, nikajua kazi imeisha. Siku natoka Mwandiga na madumu ya mawese gari inasema tik, basi, watu wakashuka kusukuma. Fundi akanambia stata mbovu nikabadilishe. Nikakataa, Denso mimi naijua. Tukapima na multimeta, kile kipimo cha umeme, huku mtu anapiga funguo, kwenye betri volti 10.6, kwenye stata 8.1. Volti 2 na nusu zimepotelea njiani, wakati upande wa chanya hazitakiwi kupotea hata nusu volti.

Nikaichana ile kebo. Plastiki nene, katikati kijiuzi, na ukikwangua uzi kwa kisu wekundu unatoka, chini ni mweupe. Alminiamu imepakwa shaba! Alminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na stata ikizungusha injini inavuta zaidi ya ampea 100. Kwa hiyo mambo ya rangi sijui urefu mimi siulizi tena, nataka kuona ndani. Kwangua uzi, halafu uchome na kiberiti cha gesi, alminiamu inayeyuka inakatika, shaba inabaki. Muuzaji akikataa usione ndani, ondoka.

Namba moja kwangu ni kebo ya weldingi ya shaba tupu, ile nyuzi zake nyembambanyembamba nyingi, inapinda vizuri na inauzwa kwa mita. Petroli ndogo chukua milimita 35 za mraba, dizeli nenda 50. Lagi, yaani vile vichwa vya ncha za kebo, zibanwe kwa mashine ya kubana, sio kugongwa na nyundo.

Namba mbili kebo ya kukatwa kwenye gari la Japani lililochinjwa, nyaya za Yazaki, kampuni ya Kijapani ya nyaya za magari, nazipenda na sifichi, miaka mingi bado shaba inang'aa. Ila angalia ncha, ikiwa na unga wa kijani achana nayo.

Namba tatu zile za dukani zenye vichwa tayari. Bei rahisi, za kuombea njia tu mpaka ufike nyumbani.

Na ethi, ile kebo ya upande wa hasi, msisahau! Watu wananunua kebo ya chanya tu, ile ya kutoka injini kwenda kwenye bodi imeoza miaka, umeme wa stata unatafuta njia nyingine unapita kwenye waya wa aksilereta mpaka unachemka. Nunua mbili, unene uleule.

Halafu kuna kawaya kadogo ka kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, pini namba 50. Kwenye gari la zamani kanatoka mbali kwenye swichi ya funguo iliyochoka, hapo tik tik haiishi hata kebo iwe nzuri vipi. Weka rilei ya ampea 40, swichi inayowashwa na umeme mdogo wa funguo, pini zake zina namba: 30 itoke betri kupitia fyuzi, 87 iende solenoidi, 86 ipokee ule waya wa funguo, 85 ethi. Hasi ya betri toa kwanza kabla hujagusa chochote.

Kinachoniuma ni kwamba nililipa bei ya shaba. Niliporudi na vipande vyangu dukani nikaambiwa kebo ikishakatwa hairudi, na ukiuliza mbona bei juu unajibiwa nauli ya kutoka Dar. Nauli ya kubeba plastiki! Na siku ile bado nikamlipa fundi, nikawalipa na vijana waliosukuma.