Maiki ya USB kwa nyumba ya bati: ipi ununue ukiwa Tabora

Kwa anayefundisha mtandaoni, anayefanyiwa usaili kwa Zoom au anayerekodi mafundisho chumbani, jambo la kutazama kabla ya maiki ni chumba chenyewe. Nyumba nyingi za Isevya, Cheyo au Ipuli zina sakafu ya saruji, kuta za plasta na bati juu. Humo sauti hugonga ukuta na kurudi, panga boi linavuma, bodaboda zinapita dirishani. Ndiyo maana maiki hapa zimepangwa kwa kigezo kimoja: ipi inanasa mdomo wako zaidi, na chumba kwa kiasi kidogo. Kwa Kigoma mjini au Ujiji mpangilio ni huuhuu.

Nafasi ya kwanza: dainamiki yenye USB na XLR

Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x-USB ndizo za kutafuta kwanza. Ni dainamiki, yaani maiki zisizo na usikivu mkubwa, na pamoja na USB zina XLR, tundu la pini tatu la vifaa vya sauti. Zote mbili zinashikika mkononi, zinasikiliza upande wa mbele na kupunguza kinachotoka nyuma, na zina tundu la hedifoni ili ujisikie bila kuchelewa. Faida ya dainamiki haitokani na kuziba masikio kwa kelele. Usikivu wake ni mdogo, hivyo inakulazimisha usogee karibu, na ukaribu ndio unaofanya kazi. Ukitoka sentimita 20 hadi 10, sauti ya mdomo wako hupanda kwa desibeli 6 hivi, lakini mwangwi wa chumba hubaki palepale.

Tundu la XLR lisidharauliwe. Kwaya au redio ikikuita, maiki ileile unaichomeka kwenye mikisa kwa waya wa XLR. Ukinunua Q2U ya zamani, angalia waya wake: ni wa mini-USB, na ukipotea si kila duka la simu linao. ATR2100x-USB inatumia USB-C.

Kosa linaloonekana sana ni kuiweka dainamiki mezani, mtu akakaa mbali na kuinama kwenye kompyuta. Sauti inakuwa ndogo, anapandisha geini (kiwango cha kukuza sauti), kisha kelele ya "shhh" inajaa kwenye rekodi. Nunua na stendi ya mkono inayobana meza, kwani kistendi kifupi cha kwenye boksi hakifiki mdomoni.

Nafasi ya pili: kondensa ndogo

Kondensa ni maiki yenye usikivu mkubwa kuliko dainamiki. Fifine K669 ni ya bei ya chini kuliko hizo mbili, na kwa chumba chenye dari, mapazia mazito, kitanda na kabati la nguo inatoa sauti safi na angavu. Kwenye sebule tupu inakusanya kila kitu, hadi jogoo wa jirani. Haina tundu la hedifoni, kwa hiyo utasikiliza kupitia kompyuta. Kama bajeti inaishia hapa, inunue, kisha weka fedha iliyobaki kwenye chumba.

Nafasi ya tatu: Blue Yeti

Ni maiki nzuri iliyoingia kwenye vyumba visivyo vyake. Ina kapsuli tatu (vinasa sauti vya ndani) na namna nne za kusikiliza, jambo linalofaa watu wawili wakikaa pande mbili za meza. Kwa mtu mmoja chini ya bati, unalipia uwezo utakaokuumiza. Pia wengi huielekeza kichwa chake mdomoni kama maiki ya jukwaani, ilhali Yeti husemewa ubavuni, upande wenye nembo.

Kwa mikutano tu, bila kurekodi chochote, hedseti ya USB yenye kijiti cha maiki inatosha. Ikae pembeni ya mdomo, pumzi isiipige.

Kabla ya kulipa

Ukiagiza Kariakoo mzigo unakuja kwa basi, na kuurudisha ni gharama na usumbufu. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta na kukutumia rekodi ya nusu dakika, pamoja na picha ya jina linalotokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Katika rekodi hiyo atamke "pesa, pembe, penseli" na "saa sita na dakika sita". P itaonyesha kama pumzi inapasua sauti, S itaonyesha kama maiki inachoma masikio. Ukitaka kuitumia na simu ya Android, hakikisha simu inakubali OTG (kuchomekewa vifaa vya USB) na unayo adapta yake.

Ikifika nyumbani

Zima panga boi. Kaa na godoro au vitenge vilivyotundikwa nyuma yako, si nyuma ya maiki pekee, kwa sababu huko nyuma yako ndiko maiki inakotazama. Trei za mayai ukutani hazisaidii: ni nyepesi mno kunyonya sauti ya mtu. Mgongo wa maiki uelekee dirishani. Isogeze pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ipite.

Fungua Audacity, programu ya bure, chagua maiki hiyo kwa jina lake, rekodi kwa 48 kHz. Ongea kwa sauti unayotumia kweli na urekebishe geini hadi vilele vya sauti vigote kati ya desibeli -12 na -6. Kisha nyamaza sekunde kumi. Kipimo kikishuka chini ya -50, endelea. Kwenye Zoom, ondoa tiki inayoiruhusu programu kujirekebishia sauti ya maiki, la sivyo kila ukinyamaza programu itapandisha kelele. Vaa hedifoni, maana spika zikiwa wazi mwenzako atasikia maneno yake yakimrudia.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, panga kurekodi nje ya saa za mvua. Hakuna maiki kwenye orodha hii inayoshinda mvua juu ya bati, na programu za kuondoa kelele zitakula herufi zako pamoja na matone.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma hata feni ikiwa imezimwa, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mvumo ukikatika, tatizo ni umeme wa chaja au soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini), na maiki haina kosa. Usipokatika, badilisha waya wa USB kabla hujafikiria kuirudisha dukani.